Macho Mekundu Katika Bweni la Zamani

Meneja Maralit hakumkaribisha mgeni wake hata kikombe cha kahawa asubuhi ile. Alimpokea barazani, ufunguo wa ofisi mkononi, akamwambia kwamba kabla familia za wazee hazijaingia getini saa nane mchana, mhudumu Jovelyn Magpantay atakuwa ameshaondolewa kazini.

"Bado sijasema kosa ni lake," Leonila alisema.

"Utasema lini, Dada? Tangu juzi umo humu unachungulia mataulo."

"Mataulo hayana neno. Ndiyo maana leo siyachungulii."

Leonila Dimaculangan alikuwa nesi wa idara ya afya hapo mjini Lipa, Ufilipino, na kazi yake ilikuwa kufuatilia magonjwa ya kuambukiza. Watu walimtania kwamba ni askari kanzu asiye na pingu. Safari hii aliyekuwa akimsaka ni ugonjwa wa macho mekundu. Ulianza kwa mzee mmoja upande wa wanaume, ukavuka ua, ukaingia upande wa wanawake, na sasa karibu Nyumba ya Wazee ya Amparo nzima ilikuwa imevimba kope. Kwa kijana ni wiki ya kujikuna na kuvaa miwani ya jua, basi. Kwa mtu aliyekula chumvi nyingi, ugonjwa ukifika kwenye kioo cha jicho, nuru iliyobaki nayo inaweza kwenda.

"Mama yangu ni mmoja wao," Maralit alisema, na hapo sauti yake ikapungua makali. "Jana kaniita kwa jina la marehemu baba. Sijui ni akili, sijui ni macho."

Leonila alimwelewa. Lakini alielewa pia kitakachompata yule msichana. Mhudumu akifukuzwa kwa kosa la kuambukiza wazee kwa uchafu wa mikono, habari zake humtangulia kila mlango atakaobisha, kuanzia Lipa mpaka pwani ya Batangas. Wenzake Jovelyn wawili walikuwa wameshakwenda ng'ambo kutunza wazee wa watu. Yeye alipoulizwa kwa nini hakufuata, alijibu kwamba wazee wa hapa nao ni wazee. Hakuwa na kazi nyingine aliyoitaka duniani.

"Nipe mpaka hiyo saa nane," Leonila alisema.

"Nakupa. Ila nikisimama mbele ya zile familia, nataka niwe na jina mdomoni."

Alianzia kwa Babu Doming, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuugua. Chanzo hakikuwa siri: mjukuu wake alikuja kumtazama akiwa na jicho jekundu kama nyanya, akamkumbatia, akaenda zake. Kilichomkosesha Leonila usingizi ni safari iliyofuata. Babu Doming hakuwa na miguu ya kumtoa kitandani. Hakuwahi kuvuka ule ua. Mwanzoni Leonila aliishuku sanamu ya Bikira Maria iliyoko katika kanisa dogo la nyumba ile, ambayo wazee huibusu kwa zamu, na kwa siku nzima alijiona ameshaikamata kesi. Kisha akagundua kwamba Babu Doming si Mkatoliki na kanisa lile analiona kupitia dirishani tu. Dawa za macho nazo kila mtu alikuwa na kichupa chake. Kiungo kati ya pande mbili za nyumba kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa na jina, na jina lenyewe ndilo lililokuwa mdomoni mwa meneja.

"Unanipaka nini hicho?" Babu Doming aliuliza alipoona kopo la mafuta. "Mimi sijafa bado."

"Mafuta ya upelelezi, Babu. Ukiyapaka hayaonekani. Ila nikiyamulika kwa taa yangu ya zambarau yanang'aa. Kila utakachogusa nitakiona, na kila kitakachogusa hicho ulichogusa."

"Kumbe. Basi mpaka kwenye vifundo, usinibanie. Nimekuwa kondakta wa basi la Manila maisha yangu yote, nimesingiziwa kila kitu, sijawahi hata mara moja kuitwa shahidi."

Leonila akavaa glavu, akampaka viganja na migongo ya mikono, vidole vyote. Mzee akafumba macho yake yaliyovimba kwa raha, maana mikono ya watu wa umri ule haipakwi mafuta mara kwa mara. Alipomaliza, Babu Doming alifuta chozi kwa mgongo wa mkono, kama wanavyofanya watu wote, na Leonila akaondoka kwenda kunawa.

Jumba lile alilijua kuliko meneja wake. Kabla halijawa makao ya wazee lilikuwa bweni la wanafunzi wa uuguzi, na yeye alilala ghorofa ya juu, akiwa msichana mwembamba aliyetoka kijijini na blanketi la bibi yake. Sinki ndefu ya zege ilikuwa palepale nyuma ya ngazi, mabomba yake ya shaba yameliwa na miaka. Leonila akasimama mbele yake bila kukusudia. Alfajiri walikuwa wakipanga mstari hapa, sare zimepigwa pasi, kahawa kali ya barako ikichemka jikoni mpaka harufu yake inaingia kwenye nywele, na mwalimu wao, Sista Pasing, akipita nyuma yao akikagua kucha. Walimwogopa kufa. Walimpenda zaidi ya walivyomwogopa, ila hilo walikuja kulitambua baadaye, kila mmoja akiwa hospitali yake ya mbali, hakuna wa kumkemea. Leonila aliitamani sauti ile siku hizi kuliko alivyowahi kutamani kusifiwa.

Jovelyn alikuwa ameshafika hapo, mikono imejaa povu.

Leonila alimtazama kama askari anavyomtazama mtu anayemshuku. Viganja. Migongo. Katikati ya vidole. Kidole gumba cha kushoto, ambacho watu tisa kwa kumi hukisahau. Ncha za kucha zilizokatwa fupi. Viwiko havikusahauliwa. Midomo ya msichana ilikuwa ikicheza kimyakimya.

"Unasema nini?"

"Salamu Maria, Dada. Mbili. Ndiyo muda wenyewe."

"Nani kakufundisha kupima kwa sala?"

"Sista Pasing wetu wa upande wa wanawake. Alinikuta siku ya kwanza nanawa kwa pupa, akaniambia nirudie. Akasema Salamu Maria mbili, tena za mtu anayeamini, siyo za mtu anayekimbilia basi."

Leonila alicheka. Maneno yaleyale, sinki ileile. "Meneja amekwambia?"

"Ameniambia." Jovelyn alifunga bomba kwa karatasi, asiliguse tena kwa mkono. "Amesema nisilie mbele ya wazee. Sitalia. Lakini Dada, mimi mikono naosha. Kabla ya kila mmoja na baada ya kila mmoja. Ngozi yenyewe imechanika, tazama."

"Nimeiona. Leo nitakufuata kazini. Fanya unavyofanya siku zote, usinipambie kitu."

Alimfuata. Kwa Babu Doming, Jovelyn aliingia na mikono ambayo bado ina unyevu wa kunawa, akainama, akauchukua mkono wa mzee, akaubandika mgongo wa mkono ule kwenye paji lake mwenyewe, kama wadogo wanavyowaamkia wakubwa. "Mano po, Babu." Mzee akamjibu, "Mungu akubariki, mwanangu. Umelala salama?" Kisha kazi. Glavu. Nepi ikatolewa, ikakunjwa kwa ndani, ikaingia kwenye mfuko wake. Maji ya kumsafisha kutoka mbele kwenda nyuma. Glavu zikavuliwa kwa kugeuzwa, mikono ikaoshwa, glavu mpya kwa ajili ya uso. Pamba moja kwa jicho moja, kutoka puani kwenda nje, ikatupwa. Glavu tena pipani, mikono tena bombani. Leonila alitafuta kosa kwa roho mbaya kabisa, akalikosa.

Upande wa wanawake ikawa hivyohivyo. Bibi Atang, mama yake meneja, alinyoosha mkono wake hata kabla Jovelyn hajafika kitandani. Bibi wa pili naye. Waliokuwa wanaona kidogo walinyoosha kuelekea sauti, na Jovelyn aliinama kwa kila mmoja wao, paji kwenye mkono, bila haraka. Leonila alisimama mlangoni akijihisi yuko nyumbani kwa babu yake, Jumapili baada ya misa, watoto wamepanga foleni kuanzia mkubwa mpaka anayebebwa, na mkono wa babu unanuka tumbaku na maganda ya kahawa. Watoto wa siku hizi hupunga tu mkono kutoka kwenye gari. Kitu kile alikuwa hajakiona kikifanywa kwa moyo namna hii kwa muda mrefu, na kilimfariji mpaka akasahau kwa dakika chache kwamba amekuja kufanya kazi.

Mtu mmoja tu hakunyoosha mkono. Huyo alikuwa Bi Charing, aliyekaa mbele ya kioo akijipaka wanja, macho yake meupe na makavu kama ya msichana. Kitanda chake kilikuwa katikati ya chumba, kulia mgonjwa, kushoto mgonjwa. Jovelyn alimchana nywele, akamkata kucha, akazipaka rangi moja baada ya nyingine, wakiteta kuhusu padre mpya.

Sista Pasing, sasa naye mkazi wa nyumba hii, alikuwa peke yake kwenye kiti cha dirishani, kope zimevimba hata macho yamebaki mistari miwili. Leonila alivuta kiti, akakaa.

"Hiyo ni hatua ya Leonila," mzee yule alisema. "Bado unaburuta mguu wa kulia. Kucha zako zikoje?"

"Fupi, Sista."

"Nitathibitishaje? Sioni."

"Itabidi uniamini."

"Hilo sikuwahi kulifanya wakati naona, nitalianza leo?" Akatabasamu, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Uliza unachotaka kuuliza. Nasikia wanamtafuta wa kumtoa kafara."

"Jovelyn ananawa?"

"Kuliko ulivyokuwa unanawa wewe."

"Kila mara?"

"Masikio yangu hayajavimba, Leonila. Nasikia bomba likifunguliwa, nasikia likifungwa. Nimekaa hapa namsikiliza kama nilivyokuwa nawasikiliza nyie." Aliugeuza uso kuelekea dirishani. "Wakati wa korona watu walitupungia mikono pale dirishani. Tuliwaelewa. Korona ikaisha, wao wakaendelea kupunga. Wahudumu nao wakawa wanaingia wameshavaa glavu, wanatushika kama vyombo. Huyu mtoto siku ya kwanza aliuchukua mkono wangu akauweka kichwani kwake. Nililia, sikuficha. Sina mtoto, unajua. Nilikuwa nimesahau kwamba mkono wangu unaweza kubariki."

Leonila alitazama nje, kwenye ua ambao zamani walianika sare. Aliondoka pale akiwa na hakika zaidi kwamba msichana hana kosa, na bila chembe ya ushahidi wa kumwonyesha meneja.

Chakula cha mchana kilipokaribia, aliomba mapazia ya ukumbi wa kulia yafungwe. Wanawake walikuwa wameshaketi mezani. Maralit alikuja, mikono kifuani, saa yake ikiwa imegeuzwa ndani ya kifundo ili aisome bila kuonekana anaisoma. Leonila aliwaeleza wote kuhusu mafuta na taa, kwa sauti ya juu ili na wasiosikia vizuri wasikie.

"Jovelyn, nyoosha mikono."

Msichana alinyoosha. Taa ya zambarau ikapita juu ya viganja, ikageuza migongo, ikaingia katikati ya vidole. Hakuna kilichong'aa. Hata ukingo wa ukucha ulikuwa mweusi tii.

"Labda taa ni mbovu," Maralit alisema.

"Taa ni nzima." Leonila alimulika toroli la chakula, kitasa cha mlango, migongo ya viti. Hakuna. Kisha akamulika mkono wa Sista Pasing uliokuwa juu ya meza, na wote wakaona. Kwenye mgongo wa mkono, vifundoni, palikuwa na madoa ya kijani yanayowaka.

Mafuta yaliyopakwa kwenye mkono wa Babu Doming upande wa pili wa ua yalikuwa hapa, juu ya mkono wa mwanamke ambaye hakuwa amemwona Babu Doming tangu Krismasi. Leonila akamulika mkono wa Bibi Atang. Nao uliwaka. Wa jirani yake uliwaka. Wote mahali pamoja, mgongoni, vifundoni.

"Sasa," Maralit alisema polepole, "mimi sikusoma uuguzi. Lakini anayetoka kwa Doming kuja kwa mama yangu ni mmoja tu. Yumo humu ndani ya ukumbi."

"Mikono yangu umeiona, Meneja," Jovelyn alisema.

"Nimeiona. Na wa mama yangu pia nimeuona."

Leonila aliinua kidole kuomba wanyamaze. Kitu kilikuwa kimekaa vibaya na alijua yuko karibu nacho. Akapeleka taa kwa Bi Charing. Mikono yote miwili, ndani na nje: rangi nyekundu ya kucha, na giza.

"Bi Charing, leo Jovelyn alikuhudumia?"

"Kwani huoni nilivyopendeza?"

"Alikushika mikono?"

"Muda wote. Kucha kumi, rangi mara mbili."

"Umesikia, Meneja?" Leonila alisema. "Mkono uliokaa ndani ya mikono ya Jovelyn muda mrefu kuliko yote ndio pekee ambao hauna kitu. Basi mafuta hayatoki mikononi mwake." Alimgeukia tena Bi Charing. "Niambie, Bi Charing, kuna jambo lolote anawafanyia wenzako ambalo wewe hakufanyii?"

Bi Charing alifikiri, akakunja midomo. "Haniamkii. Nilimkataza siku ileile aliyokuja. Nilimwambia, mwanangu, mkono wangu ni wa kucheza dansi, siyo wa kubandikwa kwenye paji la mtu kama wa bibi kizee. Ukitaka kuniamkia, subiri nizeeke."

Meza nzima ilicheka. Bi Charing alikuwa anakaribia miaka themanini. Leonila peke yake hakucheka. Aliinua taa taratibu kutoka mezani mpaka kifuani kwa Jovelyn, shingoni, usoni.

Paji la uso la msichana lilikuwa linawaka. Alama juu ya alama, vifundo vya mzee huyu juu ya vifundo vya mzee yule, kuanzia nyusi mpaka kwenye nywele.

Kicheko kilikatika. Jovelyn hakuweza kujiona. Aliona nyuso za watu tu.

"Nina nini?" aliuliza. "Dada, nina nini?"

Bi Charing alichukua kioo chake kidogo cha mkononi, akampa bila utani. Jovelyn alikitazama kwa muda mrefu.

"Mzee anafuta macho yake kwa mgongo wa mkono," Leonila alisema. "Wewe unaupokea mgongo huohuo kwa paji lako. Paji halina jicho, kwa hiyo wewe huugui. Unamwendea wa pili, naye anakupa mkono wake, anachukua kilichoachwa na wa kwanza. Kisha anafuta macho. Mikono yako ni safi kuliko yangu, Jovelyn. Hakuna aliyewahi kukwambia uoshe uso katikati ya kazi. Hata mimi nilisimama mlangoni asubuhi nzima nikakuangalia mikono, na ulipoinama kuwaamkia nikaona ni jambo jema, nikafurahi, nikaacha kutazama."

"Kwa hiyo ni yeye au si yeye?" Maralit aliuliza.

Swali lilikuwa la haki, na Leonila hakuwa mtu wa kulikwepa. "Ugonjwa umepita kwake. Haukuanza kwake, wala haukupita kwa uchafu wake. Meneja, pale ukutani umebandika picha za namna ya kunawa. Ni mikono ya nani ile?"

"Ya wahudumu."

"Na ya hawa wanaokaa humu? Tangu asubuhi sijaona mzee hata mmoja akioshwa mikono. Wanaogeshwa alfajiri, basi, mpaka kesho."

"Ningewaambiaje?" Jovelyn alisema kwa sauti ndogo. "Mtu mzima ananinyooshea mkono anibariki, mimi nimwambie ngoja kwanza nikuoshe? Ni kama kumwambia ananuka."

Kila mtu mle ndani alilelewa hivyo, na Leonila alijua kwamba hata yeye, mbele ya babu yake, asingethubutu.

Jovelyn alirudisha kioo. Akaanza kufungua kamba za aproni yake nyuma ya kiuno. "Basi Meneja alisema kweli. Macho ya Sista ni mimi. Ya mama yake ni mimi. Nitaondoka kabla watu hawajaja."

Maralit hakumzuia. "Na hiyo mano imekwisha kuanzia leo," alisema. "Iwe marufuku humu ndani. Familia nitaziambia."

"Jovelyn, funga hiyo aproni," Sista Pasing alisema.

Ilikuwa sauti ya zamani, ile ya nyuma ya ngazi. Jovelyn aliifunga. Leonila alijikuta ameficha mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo.

"Meneja, mimi sioni, kwa hiyo sijui umesimama wapi. Lakini nisikilize. Macho haya niliyapata kwa kunyoosha mkono. Hakuna aliyenivuta, niliunyoosha mwenyewe, na kesho nitaunyoosha tena. Ukimwondoa huyu, na ukapiga marufuku, mkono wangu nimpe nani?"

Maralit alifungua mdomo. Leonila alidhani atatoa hotuba kuhusu familia na gharama na jina la nyumba. Lakini alikuwa anamtazama mama yake. Bibi Atang alikuwa ameinua mkono wake hewani, umesimama hapo juu ya sahani, akisubiri mtu yeyote aupokee, maana alizisikia sauti za watu wazima na kwa akili yake iliyobaki alidhani wageni wamefika.

Nje, gari la kwanza lilipiga honi getini.

Leonila alimimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akaweka sabuni na taulo safi kando yake, akalisukuma mezani mbele ya meneja. Maralit alilitazama lile beseni kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiyejua amshikeje. Kisha akakunja mikono ya shati, akanawa yake kwanza, akapiga goti, akauchukua mkono wa mama yake kutoka hewani, akauingiza majini.

Bibi Atang alishtuka, halafu akatulia. Maralit alisugua kiganja, akasugua mgongo, akapita kifundo kwa kifundo. Mama yake alikiacha kidole kimoja kimoja kichukuliwe.

"Leo tunakula samaki gani, mwanangu?" aliuliza.

"Tulingan, Mama."

"Umewatoa miiba?"

"Nitawatoa." Aliukausha mkono ule, akainamisha kichwa, akaubandika kwenye paji lake. Mama yake akambariki, akamwita kwa jina lake, Hilarion, bila kukosea.

Honi ikalia tena. Sauti za watu na watoto zilianza kusikika barazani. Maralit hakuinuka. Akajifuta paji la uso kwa sabuni na taulo la karatasi, akasogeza beseni mpaka kwa bibi aliyefuata.

"Jovelyn," alisema bila kugeuka, "lete maji mengine. Bado wengi, na hawa wanaoingia nao utawaonyesha namna."

Jovelyn alikwenda kwenye sinki ya nyuma ya ngazi. Akaosha mikono, kisha akainama akaosha paji la uso kwa sabuni, na ndipo, mbali na wazee kama alivyoagizwa, akalia.